Ng'ombe Walioonekana Mtoni

Mwanangu Tabitha,

Sanduku lako nimekwisha kulifunga kwa kamba ya katani, na sitakuandikia habari za sabuni wala za dawa ya malaria. Shangazi yako ameyasema hayo tangu juzi, na kesho asubuhi atayasema tena. Nikuambie tu kwamba huko chuoni wakikuuliza kwenu ni wapi, nawe ukajibu Ulaya, watacheka. Waache wacheke kwanza, halafu waeleze kwamba Ulaya yetu ni kijiji, ina mahindi na ina siku ya soko, na kutoka Kilosa mtu anafika kwa baiskeli ikiwa mvua haijaharibu njia.

Ninaandika kwa sababu ya swali lako la siku ile tulipokuwa tunapukuchua mahindi. Uliniuliza, "Mama, hivi hakimu anajuaje?" Nikakujibu kwamba utafundishwa. Lile halikuwa jibu, na nadhani uliona. Baba yako alikuwa amekaa nasi, akainuka akaenda kuwaangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Jioni akaniambia, "Mwandikie ile habari ya shamba. Anakwenda kuwa hakimu, ni haki yake kuijua. Mimi nikiisimulia nitaanza kujitetea."

Basi naisimulia mimi. Lakini nianzie mbali kidogo, kwetu Mamboya, kwa sababu kule ndiko nilikoambukizwa ugonjwa wa kuuliza, na naona wewe nimekurithisha.

Nilipokuwa msichana, Padre Yonathani ndiye aliyetufundisha darasa la kipaimara. Alikuwa mtu wa kule kule kwetu milimani, mwembamba, na kanzu yake siku zote ilikuwa na udongo chini kwa sababu kabla ya darasa alipitia kwanza kwenye maharage yake. Alikuwa na tabia moja iliyowatisha wenzangu. Mtoto akishakariri jibu lake vizuri, kwa sauti, Padre alimtazama akamwuliza, "Unajuaje?" Wengi walilia. Mimi nilipenda. Nilikwenda nyumbani nikiwauliza watu wote, "Unajuaje?" mpaka bibi yangu akanikataza nisiseme neno hilo jikoni kwake.

Siku moja nikamgeuzia. Nilisimama nikasema, "Na wewe Padre, unajuaje kwamba Mungu yupo?" Nilijua nitachapwa. Padre akaketi juu ya dawati letu la mbele.

"Yapo mambo ninayoyajua kama ninavyojua kwamba hili ni dawati," akasema. "Nimelikalia. Na yapo ninayoyajua kama ninavyojua kwamba mama yangu alinipenda. Hilo silikalii, lakini nimeishi ndani yake. Na yapo ambayo sikuyaona wala sikuyaishi, nimeambiwa na mtu ninayemwamini. Njia za kujua ni nyingi, mwanangu, na Mungu hakuichukia hata moja. Kosa ni kupita njia moja ukawaambia watu umepita nyingine."

Sikuelewa. Nilifurahi tu kwamba sikuchapwa. Niliyaelewa maneno yale miaka mingi baadaye, nikiwa mke wa mtu, nimekaa kwenye benchi la darasa jingine huku Ulaya, na mtu aliyekuwa anapita njia moja na kuitaja nyingine alikuwa baba yako.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, kabla ya watu kuhamishwa. Usije ukasikia ya baadaye ukadhani tangu mwanzo tulisukumwa. Sisi hapa tulianza kwa hiari, na kwa nyimbo. Tulilima shamba la pamoja kando ya mto, mahindi matupu, na mimi nililiona kama jambo la kanisani kabisa. Watu wale wa kwanza waliomwamini Bwana si waliweka vitu vyao vyote pamoja? Nilijiambia kwamba sasa tutaona kwa macho kile tulichokuwa tukisomewa Jumapili. Nilikuwa na hamu kubwa ya kujua kama kinawezekana.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Mlugu. Ningependa umwelewe vizuri mtu huyu, maana katika habari hii ni rahisi kumfanya adui. Alikuwa wa kwanza kufika shambani na wa mwisho kuondoka. Alitoa jembe lake la kukokotwa na ng'ombe likawa la kijiji. Alitaka haki ije haraka, na alidhani mtu anayechelewa kuamua anaichelewesha.

Kijiji kilikuwa na baraza la usuluhishi, na mimi nilichaguliwa kuwa mjumbe kwa sababu nilijua kusoma na kwa sababu alitakiwa mwanamke mmoja. Baba yako yeye alipewa usimamizi wa ulinzi wa shamba. Usiku alilala katika kibanda kando ya mahindi, kwa zamu na wengine, kuzuia nguruwe na wanyama wanaotoka upande wa Mikumi. Kanuni ilikuwa moja: mlinzi haachi shamba. Aliyeacha alihesabiwa kuwa amekisaliti kijiji. Sote tuliinyoshea mikono kanuni hiyo, mimi mmojawapo.

Wakati huo ulikuwa na miaka mitatu. Jioni moja ya zamu ya baba yako ulishikwa na homa, na giza lilipoingia ukaanza degedege. Nilikuwa na mimba ya mdogo wako, kubwa, nisingeweza hata kupanda baiskeli. Nilimtuma jirani ambaye siku hizi hayupo tena duniani, akakimbia shambani. Baba yako akaja. Alichukua kanga yangu, akakufunga mgongoni kama wafanyavyo wanawake, akapanda baiskeli akakupeleka zahanati. Nakumbuka miguu yako midogo ikining'inia pembeni mwa mbavu zake. Alfajiri alirudi nawe ukiwa umelala, umepoa.

Na alfajiri hiyo hiyo shamba lilikutwa limeharibiwa. Sehemu kubwa ya mahindi, yale yaliyokuwa yanaanza kukomaa, imelazwa na kuliwa. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukawa uji mtupu, nyayo zimevurugika hazisomeki. Na siku chache mbele yetu Katibu Tarafa alitarajiwa kuja na wageni kulitazama shamba lile lile.

Kabla ya mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua nani amefanya. Saning'o.

Saning'o alikuwa mfugaji, boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto. Hakuwa Mkristo, wala hakuwa mwanakijiji kwa hesabu zetu, kwa sababu aliondoka kiangazi na kurudi masika. Mke wake alikuwa akiniletea maziwa nami nikimpa unga, na tulisalimiana kwa heshima, lakini hatukuwahi kuingia nyumbani kwa mwenzetu. Alipoulizwa baba yako kama mlinzi, alisema mbele ya watu, "Niliwaona ng'ombe wa Saning'o alfajiri." Watu walikuwa wanangoja neno hilo tu.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimekushika wewe, nikashangaa. Aliwaonaje, naye alikuwa zahanati? Mchana nikamwuliza. Akasema, "Niliwaona. Nilipokuwa narudi, walikuwa mtoni." Nikamwambia, mtoni si shambani. Akasema, "Wangekuwa wametoka wapi pengine?" Halafu akaniomba nisitaje zahanati. Nilimwuliza kwa nini, maana kumpeleka mtoto mgonjwa si aibu. Hakunijibu. Nadhani kulikuwa na mawili, kanuni na kanga. Kama angesema alikuwa wapi, ilibidi aseme ameacha shamba, na watu wangemwona akilini mwao na mtoto mgongoni kama mwanamke. Siku zile mwanamume alichekwa kwa kidogo kuliko hicho.

Ona jambo hili, Tabitha, maana nimelifikiria kwa miaka na bado linanivuta. Baba yako hakudhani kwamba anadanganya. Aliwaona ng'ombe. Shamba lilikuwa limeliwa. Kichwa chake kiliunganisha viwili hivyo, na baada ya siku mbili tatu za kusimulia, ule uunganishaji ukawa picha. Alikuja kuwaona ng'ombe wakitoka ndani ya mahindi. Ningemchoma kwa maswali angeniapia, tena kwa moyo safi. Uongo wake mmoja wa kweli ulikuwa mdogo: kutosema alikuwa wapi. Huo mdogo ndio ulioushikilia mkubwa usianguke.

Baraza likakaa darasani. Saning'o alikuja peke yake, akaacha fimbo yake nje. Lililotakiwa ni atoe ng'ombe wa fidia na ahame bonde lile kabisa. Kwa mfugaji, mwanangu, hilo si faini. Hilo ni kumwuliza watoto wake watakunywa nini.

Baba yako alitoa ushahidi kwanza. Aliweka mkono juu ya Kitabu, akasema aliwaona. Sauti yake ilikuwa imara. Kisha Mzee Mlugu akamsogezea Saning'o Kitabu.

Saning'o hakukigusa. "Hiki ni chenu," akasema. "Mimi sikijui. Nikiapa kwa kitu nisichokijua, nitakuwa nimeapa nini?"

Watu wakaguna. Mtu wa nyuma akasema, "Anaogopa."

Saning'o akatoka nje. Tukadhani amekimbia. Akarudi ameshika majani mabichi aliyoyang'oa uwanjani, akayainua mkononi. "Sisi tunashika haya. Mungu anayanyeshea, ng'ombe anaishi kwayo. Nikisema uongo nikiwa nimeyashika, na yakauke mbele ya ng'ombe wangu."

"Hapa si porini, mzee," Mzee Mlugu akasema, lakini akamwachia. "Ng'ombe wako waliingia shambani, hawakuingia?"

"Sikuwapeleka."

"Sikukuuliza kama uliwapeleka. Waliingia?"

Saning'o akatazama majani yake. "Nilikuwa nimelala. Mtu aliyelala haapi kuhusu ng'ombe. Labda waliingia. Labda ni nyati. Sijui."

Chumba kikalipuka. Kwa watu wote lile lilikuwa kukiri. Mmoja alisema aliona, kwa sauti imara. Mwingine alisema sijui. Nani asingejua ukweli uko wapi?

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wajumbe, mikono juu ya tumbo, na macho yangu yalikuwa kwenye mkono ule ulioshika majani. Nikawaza, huyu hajawahi kusikia Injili hata siku moja. Amefundishwa na nani kwamba asiapie asichokijua? Sisi tuliobatizwa tukiwa wachanga tumejaa humu ndani, na mtu pekee anayeuogopa uongo kuliko hasara ni huyu. Sikuona aibu kwanza. Niliona mshangao, kama mtu aliyekuta chemchemi mahali ambapo ramani haionyeshi maji.

Mzee Mlugu akatuuliza wajumbe. Wa kwanza akasema alipe. Wa pili akasema alipe. Akanigeukia mimi.

Ningeweza kusema "asilipe" nikanyamaza, nikashindwa kwa kura. Baba yako angebaki salama, na mimi ningejisifu moyoni kwamba nilifanya sehemu yangu. Lakini nilikuwa najua kitu ambacho wenzangu hawakijui, na kukijua peke yangu halafu kupiga kura kama wao kulinikaa kooni. Nikainuka. Nilipata shida kuinuka, mimba ilikuwa imenishika.

"Naomba nitoke kwenye benchi hili," nikasema. "Siwezi kuamua. Mimi ni shahidi."

Nikavuka darasa, nikasimama pale aliposimama baba yako. Yeye alikuwa ameketi na walinzi wenzake. Hakunitazama, alikuwa anatazama mikono yangu.

"Usiku ule mume wangu hakuwa shambani," nikasema. "Mtoto wetu alishikwa na degedege. Alimpeleka zahanati kwa baiskeli, akarudi alfajiri."

"Mama Tabitha," Mzee Mlugu akasema taratibu, "unajua unachokisema?"

"Hiki ninakijua. Nilimfunga kanga mimi mwenyewe." Hapo nilikosea, kanga alijifunga yeye. Unaona jinsi picha zinavyojitengeneza? Hata mimi, siku ile ile, nikiwa nasimamia ukweli, niliongeza cha kwangu, na nimekigundua baadaye sana.

Mtu mmoja akacheka kwa hiyo kanga. Mzee Mlugu hakucheka. Akamwita baba yako asimame.

"Ng'ombe uliwaona?"

"Niliwaona."

"Wapi?"

"Mtoni."

"Shambani?"

Nilimwona akiitafuta ile picha. Nadhani ilikuwa bado ipo. Akanitazama kwa mara ya kwanza, akaiacha iende. "Mtoni," akasema. "Walikuwa wanakunywa maji."

"Walikuwa wa nani?"

"Kulikuwa na ukungu. Walikuwa ng'ombe."

Mzee Mlugu alikaa chini, akafuta uso kwa kiganja. Alikuwa na uwezo wa kuendelea. Kura mbili alikuwa nazo, na watu nje wangemshangilia. Badala yake akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Sasa Katibu Tarafa tutamwambia nini?"

Saning'o, ambaye bado alikuwa ameshika majani yake, akasema, "Mwambieni hamjui."

Watu walicheka kweli kweli. Lakini Mzee Mlugu aliinua kichwa, akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Serikali haiwezi kusema haijui."

Hata hivyo siku ile yeye alisema hajui. Sijui ilimgharimu nini mbele ya wakubwa wake, hakutuambia. Saning'o alirudi kwake bila kutoa ng'ombe. Baba yako alivuliwa usimamizi, akalimishwa pamoja na vijana mwezi mzima, na kwa muda mrefu kila alipopita kilabuni walimwuliza kama kanga imefuliwa. Nani aliyekula mahindi, mwanangu, hatujui mpaka kesho. Najua unasoma haraka ufike mahali nitakapokuambia. Mahali hapo hapapo.

Nilipojifungua mdogo wako na kupata nguvu, nilikwenda Mamboya kumwonyesha mtoto kwa mama yangu, nikapitia kwa Padre Yonathani. Alikuwa amestaafu, yumo kwenye maharage yake. Nilimsimulia yote, nikamwuliza yaliyokuwa yananisumbua. Mtu asiyemjua Kristo anapata wapi ile hofu ya kusema uongo?

"Na wewe ulidhani Mungu alianza kusema na watu siku wazungu walipopanda mlima huu?" akaniuliza. "Dhamiri ameitia kwa kila mtu. Ndiyo maana mnaweza kuketi na Saning'o mkatafuta haki pamoja bila kumbatiza kwanza. Tusingeshirikiana katika hilo, tusingeweza kutawaliwa pamoja. Wangetawala wenye nguvu tu."

"Basi dhamiri inatosha?"

"Baba Tabitha hana dhamiri?"

"Anayo."

"Ilisema nini?"

Ilimwambia amtangulize mtoto, na hapo ilisema kweli. Halafu ikamruhusu amtwishe mwingine.

"Dhamiri ni kama jicho," Padre akasema. "Linaona, lakini halijioni. Linahitaji mtu wa mbele aliambie kuna takataka ndani yake. Ndiyo maana sipendi mtu kuamua peke yake, awe mwenyekiti, awe askofu, awe mfalme."

Nikamwuliza la mwisho, lililokuwa zito zaidi. Je, nilifanya vema kusema mbele ya watu? Au nilipaswa kumwambia mume wangu kwanza, nyumbani, nimpe nafasi aseme mwenyewe? Nilimpa haki Saning'o. Baba yako je, nilimpa haki?

Padre aling'oa magugu kwa muda. Kisha akasema, "Sijui."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu wa kanisa akisema neno hilo. Nilitembea kurudi kwa mama yangu nikiwa mwepesi, na sijui kwa nini nilikuwa mwepesi, maana hakunijibu kitu.

Miaka ilipopita ikaja amri ya kuhama, hiyo unaikumbuka mwenyewe kidogo. Safari hii waliokuja walikuwa wanajua. Walijua kila mtu akae wapi, nyumba itazame wapi, na hawakukaa kwenye benchi kuuliza. Nyumba ya Mzee Mlugu iliezuliwa kama za wengine, yeye aliyewaimbia watu Ujamaa kabla gari lolote la serikali halijafika hapa. Nilimkuta ameketi juu ya magunia yake kando ya barabara. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mama Tabitha, hakuna hata mmoja kati yao aliyesema hajui." Sijui kama alikuwa ananiambia mimi. Sikuchukia Ujamaa siku ile, na sijauchukia hata leo. Bado nadhani wale wa kwanza waliona kitu cha kweli. Lakini nilianza kujiuliza kama mtawala anaweza kupenda watu bila kutaka kujua habari zao. Nami bado najiuliza.

Jambo jingine dogo, ambalo huenda ukalihitaji utakapokuwa unasoma sheria. Baada ya kesi ile niliuliza barazani kwa nini baba yako alilazimika kuficha jambo jema. Mtu amemwokoa mtoto, halafu anakuwa mwongo. Kanuni gani hiyo inayomgeuza mtu hivyo? Nilitegemea wanikemee. Mzee Mlugu akasema, kweli, tuliinyoshea mikono bila kufikiri juu ya watoto. Tangu hapo walinzi walikuwa wawili wawili, mmoja akiitwa nyumbani mwingine anabaki. Ilikuwa rahisi hivyo. Ukikuta watu wema wanadanganya mbele yako, mwanangu, wahukumu kama inavyokupasa, lakini itazame na kanuni pia.

Wala usijitwishe hii homa yako. Najua akili yako inavyokwenda. Ulikuwa mtoto, ulishikwa na homa, baba yako akakufunga mgongoni. Katika habari yote hiyo ndilo jambo ambalo sijawahi kuliuliza swali.

Baba yako hakuzungumza nami sawasawa kwa msimu mzima. Alikula, alilima, alikubeba wewe, lakini mimi alinijibu kwa neno moja moja. Sikulalamika. Kisha siku moja mchana aliacha jembe, akavuka mto peke yake akaenda bomani kwa Saning'o. Nilimwona toka nyumbani akiingia. Alikaa huko mpaka ng'ombe walipoanza kurudi. Alirudi na kibuyu cha maziwa, akakiweka mbele yangu, akaketi, akaniita kwa jina langu la usichana, ambalo hakuwa amelitaja tangu tuoane. Nikamwuliza, "Mmeongea nini?" Akasema, "Tumeongea." Tangu siku hiyo akawa baba yako yule unayemjua, na Saning'o alipofariki, baba yako ndiye aliyekwenda kushinda na wanawe.

Mimi, niliyewauliza watu wote duniani "unajuaje," swali hilo sikumwuliza mara ya pili. Wiki iliyopita nilimwambia kwamba nitakuandikia mpaka mahali hapa nisimame. Akafikiri, akasema, "Akiniuliza yeye, nitamjibu."

Kesho anakusindikiza mpaka Mikumi kwenye basi. Njia ni ndefu, na shangazi yako haendi. Muulize waliongea nini. Akikujibu, niandikie, kama atakuruhusu. Asipokuruhusu, nyamaza nalo kabisa, hata nikikubembeleza likizo. Na mimi nitaridhika kwamba sasa yupo mwingine anayelijua.

Ni mimi mama yako, ninayekuombea kila siku, na nitakayekuwa bado nauliza utakaporudi.